Jibu: Kwa nini nyimbo za watoto nilizorekodi zinasikika kama zimeimbwa ndani ya pipa?

Dada, maikrofoni yako haina kosa, tatizo ni chumba. Kuta tupu hurudisha sauti, na mwangwi huo unanaswa pamoja na uimbaji wako. Tundika mablanketi mazito nyuma yako na pembeni, uimbe ukiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, nayo ikae kando kidogo ya mdomo ili P na B zisipige kishindo. Rekodi kwa biti 24 (mpangilio wa ubora kwenye programu ya kurekodi), na vilele, yaani sehemu zenye sauti kubwa zaidi, visizidi desibeli -6 kwenye kipimo cha programu. Mtoto akipaza sauti ghafla, haitakwaruza.

Ninalolisisitiza zaidi ni ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha sauti unachoimbia. Wengi hurekodi chini mno, panapowafaa watu wazima, kisha mtoto anashindwa kufuata. Sauti ya mtoto mdogo hutulia vizuri kati ya noti za D na A zilizo juu ya C ya kati (ile ya katikati ya kinanda). Baba ataimba oktavu moja chini (noti zilezile kwa sauti nzito zaidi) na bado wataimba pamoja. Ala ziwe chache, maneno yasikike. Na tafadhali, usinyooshe kila noti kwa programu! Pumzi na kicheko cha mtoto viache vilivyo.

Ukimaliza kuchanganya sauti na ala, sikiliza wimbo kwenye spika ya simu, maana wazazi wengi watausikilizia huko.