Maswali Yenu: Uvumi wa Nyota wa Kiume wa Hollywood ya Zamani

Barua nyingi za safari hii zinauliza maisha ya faragha ya wanaume waliotamba Hollywood kabla ya 1960. Tumechagua nne.

Shikamooni wahariri. Ni kweli ndoa ya Rock Hudson ilikuwa ya kufunika mambo tu? – Msomaji, Tanga

Marahaba. Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kwamba Hudson alivutiwa na wanaume wenzake si uvumi tena. Waliokuwa karibu naye walilisema wazi baada ya tangazo la Paris la tarehe 25 Julai 1985 kwamba ana UKIMWI. Alifariki Oktoba 2 mwaka huohuo. Ndoa ndiyo yenye utata, na hapo fuata tarehe.

Mikataba ya studio siku zile ilikuwa na kifungu cha maadili: nyota akiingia kwenye kashfa, studio ina haki ya kuuvunja. Jarida la udaku la Confidential, lililoanzishwa na Robert Harrison mwaka 1952, liliishi kwa hofu hiyo. Lililipa watoa habari, likatumia wapelelezi binafsi, na likawataka mashahidi wake watie saini viapo ili likishtakiwa liwe na ngao. Mei 1955 lilichapa habari za mwigizaji Rory Calhoun kufungwa jela ujanani. Septemba likaandika jinsi mwigizaji mwingine, Tab Hunter, alivyokamatwa na polisi kwenye sherehe mwaka 1950. Oktoba 3, jarida la Life, ambalo wala si la udaku, likaandika kwamba mashabiki wanamtaka Hudson mwenye miaka 29 aoe au aeleze kwa nini haoi. Novemba 9 akamwoa Phyllis Gates, katibu muhtasi wa wakala wake Henry Willson. Hunter na Calhoun nao walikuwa wamepita mikononi mwa Willson.

Ndipo inaposimuliwa kwamba Willson aliwatoa hao wawili kafara kwa Confidential ili Hudson asiguswe. Tarehe zinaoana vizuri, lakini kuoana kwa tarehe si ushahidi wa nani alimpigia nani simu. Na wanaosema “ndoa ya maigizo” humsahau mke. Gates aliandika mwaka 1987 kwamba yeye aliolewa kwa mapenzi, bila kujua kuna mpango wowote. Waliachana 1958. Ndoa inaweza kuwa ya kufunika kwa mmoja na ya kweli kabisa kwa mwenzake, na tunaona si haki kumfanya Gates mshirika wa jambo ambalo yeye mwenyewe alilikana.

Nimeona picha za Cary Grant na Randolph Scott wakiwa nyumba moja, wamevaa aproni, wanakula pamoja. Si ushahidi huo? – Msomaji, Mombasa

Walikaa nyumba moja kwa vipindi tofauti katika miaka ya 1930, hilo halina ubishi. Ila mpiga picha hakuchungulia dirishani: zilikuwa picha za matangazo, na wote wawili walikuwa na mkataba na Paramount. Studio ilitaka wasomaji wa kike waone makapera wawili watanashati wakijipikia. Kwa hiyo picha hizo zinathibitisha kile ambacho studio ilipenda kionekane, basi. Kosa ni kuitazama picha ya 1933 kwa jicho la leo. Grant alioa mara tano, Scott mara mbili. Nalo halithibitishi lolote, kama tulivyoona kwa Hudson. Grant mwenyewe alikana. Mwaka 1980 alimshtaki mchekeshaji Chevy Chase kwa mzaha alioutoa kwenye televisheni, na kesi ikamalizwa nje ya mahakama.

Je, Clark Gable alikuwa na mtoto wa siri? Na “Mogambo” ni Kiswahili? – Msomaji, Nairobi

Ndiyo kwa la kwanza. Judy Lewis alizaliwa Novemba 6, 1935, baada ya Gable, aliyekuwa na mke, kuigiza na Loretta Young. Loretta alimzaa kwa siri, akampeleka kituo cha watoto, kisha akatangaza kwamba amemwasili mtoto. Mtoto alikuwa na masikio yaliyochomoza kama ya Gable, na alifanyiwa upasuaji akiwa na miaka 7. Judy aliyaandika yote mwaka 1994. Mama yake alikiri katika kitabu kilichotoka baada ya kifo chake mwaka 2000. Msiiite hadithi ya mahaba haraka, lakini: mwaka 2015 mkwe wa Loretta alieleza kwamba bibi huyo alimwambia hakuridhia.

La pili, hapana. Filamu hiyo ya Gable ya 1953 ilipigwa Kenya, Tanganyika na Uganda, lakini jina lake halimo katika Kiswahili, japo watu wanaendelea kuandika kwamba maana yake ni shauku. Sisi tuna mgambo, na mbiu yake haihusu mahaba.

Nikikuta siri ya nyota wa zamani, nianzie wapi kuichunguza? – Msomaji, Muscat

Anza na swali hili: nani aliisema kwanza, na mwaka gani? Ikiwa imetokea mara ya kwanza baada ya mhusika kufa, kuwa macho. Errol Flynn alifariki 1959. Kitabu cha 1980 kikamwita jasusi wa Wanazi. Binti zake walishtaki, na mwaka 1983 mahakama ya rufaa ya California ikawakatalia kwa sababu aliyekufa hawezi kukashifiwa kisheria. Mahakama haikusema kitabu kina ukweli.

Kisha tafuta hati: hukumu, cheti cha kifo, ripoti ya daktari. Roscoe Arbuckle, mchekeshaji wa filamu bubu, ndiye mfano unaotuuma zaidi. Mwigizaji Virginia Rappe aliugua kwenye sherehe ya Arbuckle hotelini San Francisco, Septemba 5, 1921, akafa siku nne baadaye kwa kibofu kilichopasuka na maambukizi ya tumbo. Magazeti yalimhukumu Arbuckle kabla ya jaji, na hadithi chafu za wakati ule zinarudiwa hadi leo. Kesi za kifo hicho zilikuwa tatu. Mbili za kwanza baraza la wazee wa mahakama halikuafikiana. La tatu, Aprili 12, 1922, lilimwachia ndani ya dakika chache, likaandika kwamba kumwachia tu hakutoshi, ametendewa dhuluma kubwa. Siku sita baadaye Will Hays, msimamizi mpya wa maadili ya filamu, akampiga marufuku. Marufuku iliondolewa Desemba, lakini kwa miaka mingi Arbuckle aliongoza filamu kwa jina la William Goodrich, kwa kuwa miaka hiyo lake halikuwekwa kwenye bango.