Mwanangu, kuhusu kuchanika

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako wa sauti wa juzi nimeusikiliza mara tatu, na ya tatu nilijifungia chumbani maana baba yako alikuwa anazungukazunguka na redio yake. Unaninong'oneza: "Mama, uliponizaa ulichanika? Na mimi nitachanika?" Usione haya, mama. Mimi sikuthubutu kumuuliza bibi yako, nikaingia leba sijui hili wala lile.

Ndiyo, nilichanika, tena vibaya. Mwaka 1996 ulizaliwa na kilo 4.2, na ulikuja uso ukitazama juu badala ya kuelekea mgongoni kwangu. Kichwa kikija hivyo hupita kwa upana zaidi. Nilisukuma tangu alfajiri hadi jua limetoka, nimelazwa chali, mtu mmoja kaegemea tumbo langu kwa viganja viwili na wote wanapiga kelele, "Sukuma! Sukuma!" Kituo sitakitaja.

Jana nilikwenda kwa shoga yangu, yule mkunga mstaafu unayemwita mama mdogo. Ananiambia jambo la kwanza ni uzazi wa kwanza wenyewe: msamba, ile sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa, haujawahi kutanuka hivyo. Hesabu za Uingereza zinaonyesha karibu wanawake 9 katika 10 wanaozaa kwa njia ya kawaida mara ya kwanza huchanika kwa kiasi fulani. Wengi ni ngozi tu, au ngozi na misuli ya msamba, wanashonwa na kupona. Unaoogopwa ni mchaniko wa daraja la tatu, unaofika kwenye msuli wa kubana haja kubwa, na la nne, unaopenya hadi ndani kabisa. Hao huko Uingereza ni kama 6 katika 100 kwa uzazi wa kwanza.

Hatari hupanda mtoto akizidi kilo 4 (sukari ya mama ikipanda mtoto huwa mkubwa, ndiyo maana kipimo chake usikikwepe), mabega yakikwama, kusukuma kukichukua muda mrefu, au mtoto akivutwa kwa vakyumu, kile kikombe kinachonata kichwani, na kwa koleo la kumshika kichwa zaidi. Mtoto anayechomoka kwa kasi naye huchana, kwa hiyo dawa za miti shamba za kuharakisha uchungu usizionje, hata akikuletea nani. Aliyekeketwa naye kovu lake halitanuki vizuri.

Sasa hesabu mwenyewe, katika hayo lipi ulilolitaka wewe? Wale wanaosema mvivu ndiye huchanika, waambie kufagia uwanja hakulainishi msamba.

Kuna machache ya kufanya. Wiki ijayo mimba yako inaingia wiki ya 34. Muulize muuguzi wa kliniki kama kwako ni salama kuanza kuukanda msamba: kucha fupi, mikono safi, mafuta safi ya nazi au mzeituni, kidole gumba ndani kidogo, unabonyeza taratibu kuelekea nyuma na pembeni kwa dakika chache. Mawese ya kupikia yaache, yataharibu kanga zako zote. Leba, kama hali inaruhusu, omba kulala ubavu au kupiga magoti. Halafu kichwa kitakapoanza kuonekana utasikia moto, kama pilipili kwenye kidonda. Hapo ndipo mwili unakusukuma utoe nguvu zote, na hapo hapo mkunga atakwambia acha, hema. Mtii. Hema kama unayepuliza uji wa moto, kichwa kitoke polepole, naye aushike msamba kwa kitambaa cha uvuguvugu.

Kuongezewa njia, yaani kukatwa msamba ili mtoto apite, si lazima kwa kila mzazi wa kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 haushauri kukata kila mtu kama desturi, wala kukandamiza tumbo. Niliposikia hilo la tumbo nilinyamaza kidogo.

Nililokuficha miaka yote ni hili. Nilishonwa juu juu nikarudishwa nyumbani. Kwa mwaka mzima upepo ulinitoka bila ruhusa, harusini nakaa karibu na mlango, nikiulizwa nasema nataka hewa. Nilipokwenda kwa daktari, akaona msuli wa nyuma haukuwahi kushonwa. Kwa hiyo ukishajifungua, mwambie mkunga akague na nyuma kabla ya kushika uzi. Na ukiona upepo au choo hakizuiliki, usikae mwaka kama mimi.

Mama mkwe wako atataka kukukanda kwa maji ya moto. Ni mama mwema, lakini kwenye nyuzi hayafiki. Huko ni maji safi ya uvuguvugu tu, na mapapai kwa wingi usije ukajikamua chooni. Wewe usibishane naye, nitazungumza naye mimi. Nitumie tarehe waliyokuandikia kwenye kadi, nikate tiketi ya treni nije Tabora wiki mbili kabla. Migebuka nakuja nayo, beseni tutanunua huko huko.

Mama yako