Mwanangu yuko JKT Bulombora na mimi huku nalia kila siku, je imani yangu ina upungufu?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mimi ni mama wa watoto wanne, kwetu Kondoa ila tunaishi hapa Dodoma, Nkuhungu. Kijana wangu wa kwanza kamaliza form six akapangiwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, yale mafunzo ya lazima, Bulombora kule Kigoma. Tulimpandisha basi pale Nanenane na begi lake la bukta za bluu na raba, tangu siku ile sina raha, kila namba ngeni ikiita moyo unaruka. Simu hawaruhusiwi, kapiga mara moja tu kwa simu ya afande, nikalia mpaka muda ukaisha hata hakusema alichotaka kusema, nilisikia tu kwamba kuna siku adhuhuri inamkuta kwenye gwaride. Sasa baba yake mdogo anasema tutafute cheti cha hospitali arudishwe, na shangazi yake kaleta hirizi anataka tumtumie. Je huku kulia ni upungufu wa imani? Na tufanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah dada yangu. Kulia peke yake sio upungufu wa imani. Mtume (s.a.w) alilia alipofiwa na mwanae Ibrahim akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu, hadithi hiyo iko kwa Bukhari. Kwaiyo hakuna atakayekuhukumu kwa machozi. Ila mimi nimeona tatizo sehemu nyingine kwenye maneno yako, pale uliposema umelia mpaka muda wa simu ukaisha. Hapo ndo nataka tukae kidogo.

Soma suratu Yusuf aya ya 86 alafu usiishie hapo uende na ya 87. Nabii Yaaqub amemlilia mwanae Yusuf aliyepotea mpaka macho yake yamekuwa meupe, watoto wake wakamlaumu, akawajibu kwamba mimi namshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu. Sawa, hayo ni maneno yake kwa Mola wake. Aya inayofuata anageuka kuongea na wanae, na hapo huoni kilio tena, anawaambia nendeni mkamtafute Yusuf na ndugu yake wala msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Ni mtu yule yule na huzuni ni ile ile, ila kilio kakipeleka kwa Mungu na watoto kawapa matumaini. Wewe dada yangu umefanya kinyume, kilio umempa mtoto, yule kijana kapanga foleni pengine na wenzake kibao nyuma yake wanasubiri simu hiyo hiyo, kaja na maneno yake kifuani, karudi nayo hangani alale nayo na alfajiri aamke mchakamchaka huku anawaza mama anaumwa au kuna msiba wamenificha. Lia, lakini lia usiku kwenye sijda, sala ya mwisho wa usiku hakuna atakayekusikia ila yule unayetaka akusikie.

Akipiga tena mpe nafasi aongee yeye kwanza. Mwambie wadogo zako wazima, mwambie fulani kafaulu, muulize chakula, muulize rafiki zake wanatoka wapi. Na kama unajua hutoweza, simu aipokee baba yake au dada yake, sio aibu kabisa. Mama yake Musa, alipomtia mwanae mtoni, Mwenyezi Mungu anasema moyo wake ulibaki mtupu na karibu afichue siri kwamba ni mwanae, alafu baada ya hapo akamwambia dada yake Musa mfuatilie, yule binti akawa anamwangalia kwa mbali, hiyo ni suratul Qasas aya ya 10 na 11. Yani alimtanguliza mwenye utulivu.

Kitu kingine, nadhani sehemu ya hofu yenu wazazi wa rika lako ni kwamba wenyewe hamkupita. JKT imeanza mwaka 1963 na wazee wetu wengi waliosoma walipita kwa mujibu wa sheria, ikaja kusimama 1994 mpaka 2013 ndo ikarudi, kwaiyo wewe uliyemaliza shule katikati hapo kambi unaijua kwa hadithi za watu tu, kuruka kichura na kulala lindo, na hadithi za watu huwa zinaongezwa chumvi. Tafuta kijana wa jirani aliyerudi mwaka jana au mzee aliyepita zamani, kaa nae akueleze siku nzima inakwendaje, hofu itapungua sana.

Na chunga ulimi wako. Mtume katukataza kuwaombea mabaya watoto wetu isije ikaangukia saa ya kujibiwa, iko kwa Muslim. Kuna wamama wanasema "huyu atanifia huko". Usiseme hivo. Dua ya mzazi kwa mtoto ni katika dua zisizorudishwa, itumie kwa kheri.

Kuhusu cheti cha uongo ni haramu, na mtoto wa miaka 18 mtakuwa mmemfundisha kudanganya kwa pesa yenu. Ila kama ana ugonjwa wa kweli, pumu au sikoseli au kitu chochote, hapo ni wajibu aseme kwa afande wake leo leo na mpeleke vyeti vyake halali, kuficha ugonjwa nako ni kujitia kwenye maangamizi.

Sala yake. Akiwa njiani kwenda alikuwa msafiri anapunguza, lakini kambini ameshanuia kukaa zaidi ya siku nne kwaiyo kwa madhehebu yetu ya Shafii anasali kamili. Usihesabu kwa adhana ya hapa Dodoma, Kigoma jua linachelewa kama dakika 25, adhuhuri kule ni karibu saa saba na inaendelea mpaka saa kumi na kitu, mara nyingi gwaride haliwezi kumaliza muda wote huo, hata mapumziko ya chakula yanatosha kusali. Siku ikimbana kabisa kuna wanachuoni wameruhusu kukusanya adhuhuri na alasiri kwa haja bila kufanya mazoea, kwa hadithi ya Ibn Abbas kwamba Mtume alikusanya akiwa Madina bila hofu wala mvua. Aombe ruhusa kwa adabu, maafande Waislamu wako na wasio Waislamu wengi ni waelewa.

Hirizi msitume, mrudishieni shangazi kwa upole maana naye kafanya kwa mapenzi, ila mwelezeni kwamba Mtume kasema atakayevaa hirizi amemshirikisha Mwenyezi Mungu. Badala yake kuna maneno Mtume aliyokuwa akiwakinga nayo wajukuu zake Hasan na Husein, na kasema Nabii Ibrahim alikuwa akiwakinga nayo Ismail na Is-haka. Kwa mtoto mmoja wa kiume unasema: Uidhuka bikalimaatillaahi ttaammah, min kulli shaytwaanin wa haammah, wa min kulli aynin laammah. Isome asubuhi na jioni kwa jina lake, na akipiga simu msomee aisikie.