Kuuza nyumba na kunyimwa nyumba

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Dada yangu ana miaka 62 na anaishi Uingereza, katika England. Baada ya talaka nyumba yao iliuzwa, naye akapata fungu lake. Aliomba nyumba ya kupanga ya baraza la mji, akakataliwa kwa sababu ya akiba hiyo. Barua aliyonipigia picha ina sentensi tatu tu. Je, azilete fedha hizo tumjengee nyumba huku Fuoni, Unguja, kisha aombe upya?
Msomaji, Mkunazini

JIBU: Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Nakusihi msifanye hivyo kwa nia ya kupunguza salio, kwani baraza linaweza kuzihesabu fedha hizo kana kwamba bado anazo, na nyumba ya Fuoni nayo atatakiwa kuitaja. Sheria ya mwaka 2011 iliyapa mabaraza ya England uwezo wa kujiwekea masharti ya anayestahili, ndiyo maana kiwango cha akiba hutofautiana. Kile cha pauni 16,000 kinachotajwa sana ni cha posho ya serikali iitwayo Universal Credit, si cha nyumba za baraza.

Dada ana haki ya kuomba uamuzi upitiwe upya, na asichelewe, maana mara nyingi muda hutolewa siku 21. Aeleze kwa maandishi kodi za kupanga nyumba huko anapoishi, madeni aliyoachiwa na hali ya afya yake, kwa sababu fungu la talaka linaloonekana kubwa huliwa na kodi likaisha, na mwanamke wa umri huo hakopeshwi kwa urahisi. Aulizie pia nyumba za kupanga zilizotengwa kwa wazee, ambazo masharti yake pengine ni mepesi zaidi.