Waturuki wa Ujerumani hawakuanza kama wakimbizi

Hapana ndugu, ukisema Waturuki waliingia Ujerumani kama wakimbizi, hapo umechanganya. Wakimbizi walikuja baadaye. Wale wa mwanzo waliitwa waje kufanya kazi. Ujerumani Magharibi ilikuwa na viwanda vingi na watu wachache, ikasaini mkataba wa kuleta vibarua na Italia 1955, kisha nchi nyingine, na Uturuki Oktoba 1961, miezi michache tu baada ya Ukuta wa Berlin kuziba njia ya vibarua kutoka mashariki.

Na hawakubebwa ovyo. Pale Istanbul madaktari wa Kijerumani waliwapima mmoja mmoja, hadi meno (kama mtu anayenunua punda mnadani, kusema kweli), ndipo wakapandishwa treni kwenda München.

Mpango ulikuwa wakae miaka 2 warudi kwao. Waajiri wakagoma: umfundishe mtu mashine, akishaijua umrudishe, uanze na mwingine? Kikomo kikaondolewa 1964. Mwaka huohuo mfanyakazi mgeni wa milioni moja, Mreno Armando Rodrigues, alipokewa stesheni ya Köln-Deutz kwa maua na pikipiki.

Novemba 1973 Ujerumani Magharibi ikafunga mlango, ikaacha kuita vibarua wapya. Ukiondoka, huenda usirudi tena. Basi wengi wakabaki, wakaita wake na watoto.