Kufuma darasa la kwanza

Dada, umeuliza kwa nini mwanao wa darasa la kwanza katika shule ya Steiner (inayofuata mbinu za malezi za Rudolf Steiner, huitwa pia Waldorf) anarudi na sindano za kufumia badala ya daftari lililojaa herufi. Hapotezewi muda. Tangu shule ya kwanza ya aina hiyo ifunguliwe Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara, wavulana kwa wasichana hufundishwa kazi za mikono pamoja. Mtazame akifuma: anaingiza sindano kitanzini, anazungusha uzi, anauvuta, anaachia. Kitanzi kikimponyoka, safu za chini zinaanza kufumuka, naye analiona kosa mwenyewe kabla mwalimu hajasema neno. Humo humo anahesabu, na vidole vinazoea kazi ndogondogo zitakazomfaa kwenye kalamu. Kusoma kutakuja, ila huanza taratibu kuliko shule nyingi; hilo jiandae nalo, hasa mashangazi wakianza kuulizia. Mimi ningemuuliza mwalimu jambo moja tu: tukilazimika kumhamisha akiwa darasa la pili, atakuwa amefikia wapi katika kusoma?