Seli hufa, haipotezi maisha

SWALI: Nafundisha baiolojia sekondari mjini Morogoro, na huwaandikia wanafunzi makala fupi za Kiswahili. Katika moja niliandika: "Kwenye ubongo wa panya mzima, karibu nusu ya seli mpya za neva zinazofika sehemu ya kunusia hupoteza maisha ndani ya wiki chache, nyingine hunusurika." Mwenzangu anasema seli hainusuriki, inaokoka. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, mwalimu. Kuokoka kumeshahamia kanisani. Ukiandika seli imeokoka, yule mwanafunzi wa dawati la nyuma atauliza imebatizwa lini. Kunusurika kunatokana na nusura, neno la Kiarabu lenye maana ya msaada: kifo kilikuwa karibu, kikatokea cha kumponya mtu. Hapa kinachoponya ni kazi. Seli hizo huzaliwa kandokando ya vyumba vya majimaji vilivyo ndani ya ubongo, husafiri hadi kwenye tunguu la harufu, ndiyo hiyo sehemu ya kunusia, huko mbele, kisha hutafuta kuunganishwa na seli wenyeji. Panya akizibwa tundu moja la pua, upande huo hufa nyingi zaidi. Akiletewa harufu mpya mpya, hubaki nyingi. Kunusa ndiko kunakozinusuru, ingawa maneno hayo hayana undugu wowote. Kunusa ni mtoto wa kunuka, Kibantu kitupu.

Mwenzako amekosea, lakini amekosea padogo. Wewe, ndugu yangu, umeandika "hupoteza maisha" na hukuona hata haja ya kuniuliza!

Kupoteza muda ni kuutumia ovyo. Kupoteza pesa, vivyo hivyo. Basi anayepoteza maisha ni kijana anayekaa kwenye kamari tangu asubuhi, naye yu hai na anakula vizuri tu. Kinachomtoka mtu anapokufa ni roho, au uhai. Maisha ni kodi ya nyumba, ada za watoto na michango ya harusi; hayo marehemu hakuyapoteza, ametuachia sisi.

Siku moja nilikutana na kichwa cha habari: "Kuku 200 wapoteza maisha." Kuku! Nikasoma hadi mwisho, pengine wamepata ajali wakielekea mnadani. Kumbe mdondo. Kuku aliyekufa bila kuchinjwa ana jina lake, kibudu, na hakuna mama aliyewahi kumzuia jirani kwa kumwambia, "Usimle huyo, shoga, amepoteza maisha." Mwandishi aliliogopa neno "kufa" akadhani ni la kihuni, na kufariki akaliona kubwa mno kwa kuku. Hapo alihisi sawa: kufariki ni kufarikiana na dunia, na kuku hana dunia ya kuagana nayo. Akaangukia katikati, kwenye "lose their lives", Kiingereza kilichovikwa kanzu.

Kufa hakuna matusi. Saa hufa, betri hufa, biashara hufa, mguu hufa ganzi, na hatumkosei mtu heshima. Adabu ya kufariki, kuaga dunia na kutangulia mbele ya haki tumewawekea binadamu, na ibaki kwao. Abiria wa basi wakipoteza maisha kwenye taarifa ya habari siku hizi nanyamaza, nimechoka kugombana na redio. Ila kwenye seli sikubali, maana huko kufa ndilo neno la kazi: seli isiyopata muunganisho huendesha yenyewe mpango wa kujimaliza, na mabaki yake huliwa na seli za usafi.

"Panya mzima" nayo irekebishe, kwa kuwa wanafunzi watauliza nusu panya yuko wapi. Vizuri pia kwamba umetaja panya, usije ukaandika "ubongo wetu": utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliopima umri wa seli kwa kaboni iliyosambazwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ulionyesha kuwa seli za neva za tunguu hilo kwa binadamu zina umri karibu sawa na mwenyewe.

Andika hivi: "Kwenye ubongo wa panya aliyekomaa, karibu nusu ya seli mpya za neva zinazofika kwenye tunguu la harufu hufa ndani ya wiki chache, zilizopata kazi hunusurika."